Atapanda Lini? Namna ya Kumfuatilia Mchezaji wa Hoki Kutoka AHL Hadi NHL

Ukitaka kujua ni mchezaji gani wa AHL, ligi ya pili ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, ataitwa NHL, ligi kuu yenyewe, magoli yaache kwanza. Najua si rahisi, maana magoli ndiyo yanayotuinua vitini. Lakini nimeishi Grand Rapids, Michigan, miaka ya kutosha kuona wafungaji hodari wakizeekea hapa hapa Van Andel Arena, uwanja wa timu yetu ya AHL, huku kijana ambaye hakuna aliyekuwa akimwimba akichukuliwa na Detroit ya NHL moja kwa moja. Mimi huangalia mambo matatu, tena kwa mpangilio huu: mkataba wake unasemaje, kule juu kuna nafasi gani, na kocha anampa kazi gani dakika zikiwa mbaya. Magoli huja baada ya hayo.

Kwa aliyezoea soka, kuna jambo moja la kukubali mapema. Hapa timu haipandi daraja wala haishuki. Grand Rapids Griffins walitwaa Calder Cup, kombe la ubingwa wa AHL, mwaka 2013, wakarudia 2017, na mara zote mbili msimu uliofuata waliuanzia AHL kama kawaida. Anayepanda ni mtu mmoja mmoja, na aghalabu hupanda siku ya Jumanne mchana kwa kupigiwa simu, hana hata muda wa kuaga.

Ngazi zenyewe ni chache. Juu kabisa ni NHL yenye timu 32. Chini yake ni AHL, ligi iliyoanza 1936, nayo ina timu 32, kila moja ikiwa na mkubwa wake NHL: Griffins ni wa Detroit Red Wings, Syracuse Crunch ni wa Tampa Bay, Hershey Bears ni wa Washington, Rochester Americans ni wa Buffalo. Chini ya AHL kuna ECHL, iliyoanza 1988. Huko sisi tuna Toledo Walleye. AHL hupenda kujisifu kwamba karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wamepitia mikononi mwake, na kwa hilo siwabishii. Wasichokisema kwa sauti ni kwamba wanaopita AHL bila kufika NHL, au wanaofika kwa mechi mbili tu, ni wengi kuliko wanaobaki.

Soma mkataba kabla ya kusoma takwimu

Wachezaji wawili wanaovaa jezi moja usiku mmoja wanaweza kuwa na waajiri tofauti. Mmoja amesaini na klabu ya NHL, akashushwa AHL kuiva. Mwingine amesaini na timu ya AHL yenyewe. Huyu wa pili hata afunge magoli matatu kila Ijumaa, hawezi kuvaa jezi ya Detroit mpaka kwanza apewe mkataba wa NHL, na klabu ya NHL hairuhusiwi kuwa na mikataba zaidi ya 50. Kwa hiyo swali lako la kwanza kuhusu kijana yeyote liwe hili: ana karatasi ya nani?

Mkataba wa kwanza wa NHL hupangwa kwa umri. Aliyesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 hupata miaka 3. Wa 22 na 23 hupata miwili. Wa 24 hupata mmoja. Una mishahara miwili ndani yake, wa juu na wa chini. Kima cha chini cha NHL kwa msimu wa 2025–26 kilikuwa dola 775,000, na mchezaji hulipwa kwa siku alizokuwa kwenye kikosi. Piga hesabu: ni kama dola 4,000 kwa siku. Mshahara wa chini katika mkataba huo wa kwanza haufiki dola 100,000 kwa msimu mzima. Kijana aliyeitwa Detroit kwa wiki mbili, hata kama alikaa benchi, amerudi Grand Rapids na pesa ya miezi mingi. Ndiyo maana ukimwona anarudi anatabasamu usishangae.

Kuna pia umri wa kuingia. Aliyechaguliwa kwenye drafti, ule mchujo wa kila mwaka ambapo klabu za NHL hugawana vijana kwa zamu, kutoka zile ligi tatu kubwa za vijana, yaani OHL, WHL na QMJHL, kwa desturi hakuruhusiwa kucheza AHL kabla ya kufika miaka 20: ama abaki NHL, ama arudi kwa vijana wenzake. Aliyetoka Ulaya hafungwi na hilo. Simon Edvinsson, beki mrefu wa Kiswidi, alicheza hapa Grand Rapids akiwa na miaka 19, wakati vijana wa rika lake waliochaguliwa kutoka ligi hizo za Kanada walikuwa bado wanapanda mabasi ya timu za vijana. Usiseme huyu kamzidi yule kabla hujaangalia kila mmoja katokea wapi.

Weiva, kitu kinachoamua zaidi ya kipaji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mashabiki wengi wanapotoka kapa.

Klabu ya NHL ikitaka kumshusha mchezaji aliyekwisha kukomaa, lazima imweke kwenye weiva kwa saa 24. Ndani ya saa hizo, klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua pamoja na mkataba wake. Lakini wachezaji wachanga wana msamaha: wanashushwa na kupandishwa bila kupita huko. Muda wa msamaha hutegemea umri wa kusaini na idadi ya mechi za NHL. Mchezaji asiye kipa aliyesaini akiwa na miaka 20, kwa mfano, ana misimu 3 au mechi 160, kimojawapo kikitangulia.

Sasa fikiria ni Oktoba, kocha ana wachezaji wawili wa kiwango kinachokaribiana, na nafasi ni moja. Mmoja ana msamaha, mwingine hana. Nani atashushwa? Yule mwenye msamaha, karibu kila mara, hata kama ndiye bora. Wa pili akishushwa anaweza kunyakuliwa na jirani. Wa kwanza unaweza kumrudisha kesho.

Mfano wake mzuri tuliuona hapa hapa. Gustav Nyquist alikuwa ameshaifungia Detroit goli la muda wa nyongeza dhidi ya Anaheim kwenye mchujo wa 2013. Hakuwa mwanafunzi tena. Msimu wa 2013–14 ulipoanza, Detroit walikuwa na washambuliaji kupita nafasi, na Nyquist bado alikuwa na msamaha wa weiva. Tomas Tatar, mwenzake katika kikosi kilichotwaa Calder Cup, hakuwa nao. Tatar akabaki Detroit, Nyquist akarudishwa Grand Rapids. Sisi tulifurahi, maana tulikuwa tunaangalia mchezaji wa NHL kwa bei ya tiketi ya AHL. Novemba akaitwa, na msimu ulipokwisha alikuwa na magoli 28 katika mechi 57, akiongoza Detroit nzima. Mwezi wa Oktoba hakuwa na la kujirekebisha kwenye barafu. Alichokosa kilikuwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo mwezi wa Septemba, kambi za NHL zinapofunguliwa, mimi huandika majina ya washambuliaji na mabeki wa Detroit na kuweka alama kwa wenye msamaha. Nusu ya majibu ya Oktoba huwa nimeshayapata.

Tazama aliyekaa juu yake

Kikosi cha NHL kwa sehemu kubwa ya msimu hakizidi wachezaji 23. Ni kama basi lililojaa: hupandi mpaka mtu ashuke. Kama kijana wako ni senta, yaani mshambuliaji wa kati, usikeshe ukiangalia majeruhi ya mabeki. Angalia ni masenta wangapi wako juu, mikataba yao inaisha lini, na nani kati yao anaumwa goti. Beki anayetumia mkono wa kulia ana bahati yake. Makocha wengi hupenda kumpanga kulia, na wenye mkono huo ni wachache. Kijana wa namna hiyo anaweza kuitwa mbele ya mwenzake wa kushoto anayemzidi kidogo.

Halafu tofautisha aliyeitwa kwa dharura na aliyeitwa kwa kuwa wanamtaka. Wa dharura hupewa mechi mbili, hucheza dakika sita, majeruhi akipona anarudi. Wa kweli utamjua kwa anayeondolewa ili apishwe. Klabu ikimuuza mtu au ikimweka mkongwe kwenye weiva ili kijana apate nafasi, hapo andaa kuagana naye.

Ukiwa uwanjani, angalia nini

Fika mapema wakati wa kupasha moto. Wachezaji hujipanga kwa mistari ya washambuliaji watatu watatu na mabeki wawili wawili, na hapo unapata orodha ya kocha kabla mechi haijaanza. Ukiona nyota hayupo na hakuna habari ya jeraha, fungua simu yako. Mara nyingi yuko kwenye barabara ya I-96 anaelekea Detroit, mwendo wa kama saa mbili na nusu.

Mechi ikianza, chagua mchezaji mmoja na umfuate yeye, paki, kile kisahani cheusi kinachopigwa badala ya mpira, iwe naye au isiwe naye. Zamu ya hoki ni kama sekunde 45. Hesabu zamu zake. Angalia anatoka benchi baada ya nani, na dhidi ya mstari gani wa wapinzani. Wapinzani wakiwa pungufu kwa adhabu, yumo kwenye kundi la kwanza la watano au la pili? Na timu yake yenyewe ikiwa pungufu, je, anaitwa?

Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mfungaji wa mstari wa kwanza wa AHL akiitwa NHL hapewi mstari wa kwanza kule. Hapo wameshakaa watu wa mamilioni. Anapewa mstari wa nne, dakika nane au tisa, na kazi ya kukimbizana, kuzuia, kupigana kwenye kona. Kama hajui kazi hiyo, magoli yake ya chini hayana pa kuingilia. Kwa hiyo kocha wa AHL anayemwandaa kijana humpa kazi hizo chafu mapema, na wewe ukiziona ujue kuna mazungumzo yanaendelea ghorofani.

Nipe kipindi cha tatu, tunaongoza kwa goli moja, imebaki dakika moja na nusu, na mwamuzi anataka kudondosha paki upande wa kushoto wa kipa wetu. Wapinzani wamemtoa kipa wao, wako sita. Sasa angalia nani anaruka ukuta wa benchi. Senta anainama, mkono wa chini umeteremka mpaka karibu kabisa na kichwa cha fimbo, macho yako kwenye mkono wa mwamuzi wala si kwenye uso wa mpinzani. Paki inaanguka, anaivuta nyuma kwa beki, beki anaigongesha ukutani, inatoka nje ya eneo letu. Sekunde nne. Hakuna goli lililoandikwa, hakuna asisti, na nusu ya watu wako kwenye foleni ya kutoka maegeshoni. Lakini pale juu kwenye viti vya maskauti mtu ameandika kitu.

Luke Glendening ndiye aliyenifundisha kuangalia hivyo. Ni mtoto wa Grand Rapids hasa, amezaliwa hapa. Drafti ilimpita, hakuna klabu iliyomchagua. Akasoma Chuo Kikuu cha Michigan, akaingia kulipwa msimu wa 2012–13 kwa mkataba wa AHL tu, na sehemu ya msimu huo akaicheza Toledo, ECHL. Hakuwa mfungaji wa kutisha wala mtu wa chenga. Alikuwa anashinda paki za kuanzishia, anacheza timu ikiwa pungufu, anajitupa mbele ya mikwaju. Juni 2013 alinyanyua Calder Cup na Griffins, kiangazi hicho hicho Detroit wakampa mkataba, na msimu uliofuata alikuwa NHL. Amecheza huko zaidi ya mechi 700. Toledo, Grand Rapids, Detroit: ngazi tatu ndani ya kama mwaka mmoja, na ukitazama orodha ya wafungaji wa wakati ule hutamwona karibu na juu.

Na huyu anayefunga kila siku?

Mpwa wangu huniuliza, "Mjomba, mbona huyu anaongoza ligi kwa pointi na hawamtaki?" Pointi hapa ni magoli na asisti kwa pamoja. Namwambia aangalie tarehe ya kuzaliwa.

Chris Bourque, mtoto wa beki mashuhuri Ray Bourque, aliongoza AHL msimu wa 2015–16 akiwa na Hershey, pointi 80, akatajwa mchezaji bora wa ligi. Alikuwa na miaka 30. Mechi zake zote za NHL katika maisha yake ni 51. Alikuwa mchezaji mzuri sana, mwenye macho ya kuona pasi ambayo wengine hawaioni, lakini NHL haikuwa na kiti cha umbo lake. Watu wa namna hii AHL inawahitaji: wanawafundisha vijana, wanauza tiketi, wanaleta makombe. Ligi yenyewe imewawekea kikomo. Kati ya wachezaji 18 wasio makipa wanaovaa jezi kila mechi, 13 lazima wahesabiwe kuwa bado wanakua, na 12 kati ya hao wawe hawajazidi mechi 260 za kulipwa. Mkongwe anaweza kukaa jukwaani si kwa kuwa amecheza vibaya bali kwa kuwa hesabu imejaa.

Kwa kipimo changu, pointi 40 za kijana wa miaka 20 zina uzito kuliko 70 za mtu wa 29. Lakini usifunge mlango mapema. Carter Verhaeghe alipita ECHL akiwa na Missouri Mavericks, na watu walikuwa wameshamwona wa kawaida. Msimu wa 2018–19 akaongoza AHL kwa pointi 82 akiwa Syracuse, wakati huo ana miaka 23. Tampa Bay wakamchukua msimu uliofuata, akatwaa Stanley Cup, kombe la NHL, 2020, kisha mbili nyingine na Florida, 2024 na 2025. Umri wake ulikuwa unasema bado.

Makipa wana saa yao

Kwa kipa, sahau karibu yote niliyoandika. Kila timu ina nafasi mbili, na anayecheza ni mmoja. Kipa kushushwa ECHL si kuzikwa. Mara nyingi wanataka tu apate mechi. Sebastian Cossa alichaguliwa na Detroit raundi ya kwanza, mtu wa 15, mwaka 2021, na msimu wake wa kwanza wa kulipwa aliucheza zaidi Toledo. Jimmy Howard alikaa misimu minne Grand Rapids kabla ya kuwa kipa namba moja wa Detroit msimu wa 2009–10. Jonathan Quick alianzia Reading Royals, ECHL, na miaka michache baadaye, 2012, akawa mchezaji bora wa mchujo wakati Los Angeles Kings wanatwaa kombe.

Jordan Binnington ndiye kioja. Msimu wa 2017–18 St. Louis Blues walimkopesha kwa Providence, yaani timu ya AHL ya Boston. Januari 2019 akapewa mechi yake ya kwanza ya kuanza NHL, hakufungwa hata goli moja, na Juni yuko langoni St. Louis wakiwafunga hao hao Boston mechi ya saba ya fainali.

Cha kuangalia kwa kipa ni mpangilio wa mechi. AHL huwa na wikiendi za mechi tatu kwa siku tatu mfululizo. Nani anapewa Ijumaa dhidi ya timu ngumu, nani anaachiwa Jumapili mchana wenzake wamechoka? Na akifungwa goli la kijinga, tazama shuti linalofuata. Wengine wanaanza kutoka langoni kupita kiasi. Mwenye roho ya NHL anabaki alipokuwa.

Siku za kutofanya kazi nyingine

Mwanzo wa Oktoba, vikosi vya NHL vinapofungwa, majina huanguka kwenye weiva kwa makundi. Siku nyingine ni ya mwisho ya uhamisho wa NHL, ambayo kwa kawaida huwa Machi. Ili mchezaji aruhusiwe kucheza mchujo wa AHL, lazima jina lake liwe kwenye kikosi cha AHL siku hiyo. Basi hadi msimu wa 2024–25 ungemwona kijana wa Detroit anashushwa asubuhi na kurudishwa jioni bila hata kuwasha gari. Wageni waliogopa wakidhani amefukuzwa, kumbe ilikuwa karatasi tu. Mimi niliangalia zaidi wasioshushwa hivyo: klabu ilikuwa imeshawahesabu ni wa juu.

Aprili huleta nyuso mpya. Vijana wa vyuo na wa ligi za vijana waliomaliza msimu wao huja kwa mkataba wa majaribio, wakiwa na namba kubwa mgongoni na kofia ambazo bado zinang'aa. Watazame dakika zao chache, kwa sababu Oktoba ndio watakaokuwa wanagombea.

Kwa vifaa, huhitaji vingi. Ukurasa wa mabadiliko ya vikosi kwenye tovuti ya AHL husema nani kapanda na nani kashuka kila siku. EliteProspects ina historia ya mchezaji tangu utotoni. Mikataba na msamaha wa weiva niko PuckPedia, tangu Washington Capitals walipoinunua CapFriendly, tovuti tuliyokuwa tukiitumia kwa kazi hiyo, mwaka 2024 na ikafungwa kwetu sisi wa kawaida, bado sijawasamehe. Mechi za AHL na ECHL huonyeshwa FloHockey kwa kulipia. Ukienda uwanjani mwenyewe, nunua kiti cha juu kwenye kona. Cha karibu na kioo kinakupa kishindo na picha nzuri za simu, lakini hutaona nani anaruka benchi.